Nyumba Njema si Mlango



Katika somo letu la mwezi uliopita tulizungumza juu ya amana ya mwajiri kwa mwajiriwa: mshahara kulipwa kwa wakati, mapatano kutimizwa, na mtu kutokalifishwa kazi asiyoiweza. Leo tumekusudia kuongeza mlango mmoja juu ya hayo, nao ni huu: nani huingizwa kazini, na akishaingia huwekwa wapi. Wazee wetu walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi watu wa pwani twaijua maana yake, kwani tumeona milango ya nakshi ambayo nyuma yake dari imeanguka. Na sehemu nyingi za kazi siku hizi zimekuwa hivyo. Mlangoni pana mwanamke mmoja, na mlemavu mmoja, na mtu mmoja wa kabila dogo. Mgeni akipita husifu. Lakini akiingia ndani, penye kukatwa shauri, huwaona ni wale wale wa siku zote.

Kabla hatujamnyoshea mtu kidole, yatupasa tuseme yetu. Haifai mtu kufagia ua wa jirani na wake una taka.

Miaka michache iliyopita darsa yetu ilipata msaada wa kuendesha ofisi ndogo ya kufundishia watu wazima kusoma na kuandika. Waliotoa msaada walituuliza kama miongoni mwa wafanyakazi wetu yuko mwenye ulemavu. Hakuwako. Basi tukafanya haraka tukamwajiri ndugu mmoja asiyeona, naye ni mwalimu aliyesomea kazi hiyo na kupata shahada yake. Tukampa kiti karibu na mlango, kazi yake ikawa kuwapokea wageni na kuwaonyesha chumba cha kungojea. Walipokuja wenye msaada tulimweka mbele katika picha, na picha ile tukaitia katika taarifa yetu ya mwaka. Hatukumpa darasa hata moja. Vitabu vyetu vyote vilikuwa vya kusomwa kwa macho, na hapana aliyeuliza kama kuna njia nyingine. Mikutano ya walimu tuliifanya baada ya saa za kazi, na yeye alikuwa akichukuliwa na mdogo wake mapema, kwa hiyo hakuhudhuria hata mkutano mmoja. Baada ya miezi kumi na mmoja akaja kutuaga. Tulipomwuliza sababu, alisema kwa upole: "Mashekhe wangu, mimi ni mwalimu. Ninyi mmekuwa mkinilipa mshahara wa kukaa."

Maneno yale yalitukaa, na somo hili limetokana nayo.

MAANA YA JAMBO LENYEWE

Twaliita jambo hili ajira ya pambo. Maana yake ni kumtia kazini mtu mmoja au wawili wa jinsi au kabila au hali isiyozoewa mahali pale, kwa ajili ya waonekane tu, bila ya kuwapa kazi yenye uzito, wala sauti katika mashauri, wala njia ya kupanda. Kinyume chake ni mchanganyiko wa kweli, nao ni watu wa namna mbalimbali kufanya kazi pamoja hata mahali penyewe pakabadilika kwa sababu yao: taratibu, saa, vyombo, na namna ya kukata shauri.

Tofauti ya mambo haya mawili haijulikani kwa kuhesabu vichwa peke yake. Hujulikana kwa swali moja: Je, kuna jambo lolote hapa lililoamuliwa vingine kwa sababu mtu huyu yupo? Likiwa halipo, basi yule ni pambo, hata akilipwa vizuri.

TULIYOKWISHA YAONJA WENYEWE

Jambo hili si geni katika nchi yetu, nasi wa Kenya ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulichukia. Tangu mwaka 1924 maslahi ya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria yalisemewa na Mzungu mmishonari. Mwaka 1944 ndipo alipoteuliwa Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu. Alikuwa mtu hodari na mwenye elimu, na ushujaa wake haukanushiki. Lakini mtu mmoja, akisemea mamilioni ya watu mbele ya baraza la watu wengine, atafanya nini kura ikipigwa? Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1957 walipochaguliwa Waafrika wanane, walikataa kushika uwaziri waliotengewa, wakashika neno lao kwamba kwanza viti viongezwe. Mwaka wa pili yake viti vyao vikawa kumi na vinne. Walifahamu kwamba kiti kimoja cha heshima huweza kutumiwa kuwazuilia watu viti kumi vya haki.

Na katika kazi za serikali mambo yalikuwa vivyo hivyo. Tume ya Holmes, mwaka 1948, ilipendekeza asiyekuwa Mzungu apewe thuluthi... la, si thuluthi, bali tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu mwenye cheo kama chake. Yaani mlango ulifunguliwa, mtu akaruhusiwa kushika cheo, kisha akapimwa kwa mizani pungufu. Ilikuwa mpaka Tume ya Lidbury, mwaka 1954, ndipo lilipopendekezwa kuondolewa jambo la mishahara kufuata rangi ya mtu. Wazee wetu waliofanya kazi za ukarani, reli na bandari siku zile walijua vizuri kwamba kuingizwa ni jambo moja na kuthaminiwa ni jingine.

Huko Marekani nako, mahakama kuu iliamua mwaka 1954 kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za serikali ni kinyume cha katiba ya nchi. Mahali pengi palijibu kwa kuwaingiza watoto wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole, kisha pakadai kwamba amri imetimizwa. Mwaka 1962 Martin Luther King aliandika makala katika gazeti la New York Times kuupinga mtindo huo, kwa kuwa aliona kwamba uchache ule umefanywa ni kituo cha mwisho wa safari, na ilhali ulipaswa kuwa hatua ya mwanzo.

HALI YA ALIYE PEKE YAKE

Huenda msomaji akasema: Lakini mmoja si bora kuliko hapana? Naam, ni bora, akiwa ni wa kwanza na wengine wako njiani. Lakini tuangalie yampatayo yule mmoja akiachwa peke yake.

Msomi wa Marekani, Rosabeth Moss Kanter, alichungua kampuni moja kubwa ya nchini kwao, na mwaka 1977 akatoa kitabu juu ya aliyoyaona. Katika idara ya wauzaji walikuwako wanawake wapatao 20 kati ya watu 300 hivi, tena wametawanywa, huyu ofisi hii na yule ofisi ile. Alieleza kwamba kikundi kikiwa kidogo mno, kama kumi na tano katika mia au chini yake, hupatwa na mizigo mitatu.

Wa kwanza ni mzigo wa macho. Kila afanyalo huonekana. Akikosea husemwa kwamba wanawake ndivyo walivyo; mwanamume akikosea husemwa fulani amekosea. Huyu wa pili hubeba kosa lake tu, na yule wa kwanza hubeba la jinsi yake nzima.

Wa pili ni mzigo wa ukuta. Wale wengi, wakimwona mgeni kati yao, hushikana zaidi kuliko walivyokuwa. Mizaha yao, mazungumzo yao ya baada ya kazi, na mashauri yao ya pembeni huwa ndiyo alama ya uenyeji, na yeye huachwa nje. Na nani asiyejua ya kwamba mashauri mengi hukatwa pembeni, kisha mkutanoni huja kutiwa muhuri tu?

Wa tatu ni mzigo wa kivazi alichokatiwa na wengine. Hulazimishwa kuwa vile watu wanavyowadhania walio kama yeye. Mwanamke hupewa kuandika muhtasari na kuandaa chai, ajapokuwa ni mhandisi. Mwislamu huitwa siku ya kuandika salamu za Idi. Asiyeona huwekwa mlangoni, kama tulivyomweka ndugu yetu.

Kwa hiyo tusistaajabu akiondoka, wala tusiseme, "Tulimpa nafasi akashindwa." Mbegu moja ikitupwa juu ya jiwe isipoota, kosa si la mbegu.

SHERIA ZETU NA MIPAKA YAKE

Nchi yetu haikosi sheria katika jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kumbagua mtu kazini kwa rangi, jinsi, dini, lugha, kabila, ulemavu au uja uzito, nayo yaamrisha malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 yasema kwamba ofisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa wasizidi thuluthi mbili watu wa jinsi moja, na kwamba watu wenye ulemavu wafikishwe, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5. Na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia zipewe watu wasiokuwa wa kabila kubwa la kaunti ile.

Sheria hizi ni njema, nasi hatuungi mkono wanaozibeza. Bila ya hizo hata mlango usingefunguliwa. Lakini hesabu ni chombo, na chombo hufuata mkono wa mwenye kukishika. Asiyependa haki huweza kuitimiza hesabu na kuikimbia maana. Hukusanya makabila mbalimbali katika walinzi, wafagiaji na matarishi, kisha wakuu wa idara wakawa ni wa nyumba moja. Ukihesabu ofisi nzima, thuluthi haikuvukwa. Huwaajiri wanawake kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na wanaume kwa kazi ya kudumu. Huajiri mwenye kiti cha magurudumu, na mikutano ikafanywa orofa ya pili pasipo na lifti. Hapo hapana kifungu cha hesabu kilichovunjwa, wala hapana haki iliyotendeka.

HOJA MBILI NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza husema: "Sisi twatazama uwezo tu, hatutazami kabila wala jinsi." Neno zuri, lau lingekuwa kweli. Lakini tuulize: nafasi ile ya kazi ilitangazwa wapi? Ikiwa ilitangazwa katika kundi la marafiki tu, au ilinong'onwa baada ya harusi, basi uwezo wa nani ulipimwa? Walioshindanishwa ni wale tu walioupata mnong'ono. Anayedai kutazama uwezo na aanze kwa kuwaita wote wenye uwezo, kisha awaulize wote maswali yale yale, na ayaandike majibu kabla ya kusema nani amempendeza. Asipofanya hivyo, alichokipima ni mazoea yake.

Hoja ya pili husema: "Tumewatafuta, hawapatikani." Huenda ni kweli kwa mwaka mmoja. Lakini mvuvi atiaye wavu mahali pamoja kila siku, kisha akasema bahari haina samaki, hatumwamini. Asiyepata wahandisi wanawake leo na apokee wanafunzi wanawake wa kujifunza kazi, awalipe nauli, na awaweke chini ya fundi mwema. Baada ya miaka mitano tutamwuliza tena.

YANAYOTUPASA KUFANYA

Ili somo lisiwe maneno matupu, twaweka hapa mambo matano ambayo kila mwenye ofisi, duka, shule au chama aweza kuyaanza.

1. Tuhesabu kwa ngazi. Tusitosheke na jumla. Tuandike nani yuko chini, nani kati, nani juu, nani hupokea kiasi gani, na nani ameondoka mwaka huu na kwa sababu gani. Ngazi ambayo watu wa namna moja hukwama chini yake ndiyo yenye ugonjwa.

2. Tusimwache mtu peke yake. Ikiwa zipo nafasi tatu, ni afadhali wanawake wawili waajiriwe katika idara moja kuliko kutawanywa kila mmoja mahali pake kwa ajili ya kupamba kila ukuta.

3. Tutengeneze mahali kabla ya kumlaumu mtu. Mama anayenyonyesha ahitaji chumba na wakati, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imemwajibisha mwajiri kumpatia mahali pa kunyonyeshea. Asiyesikia ahitaji mkalimani wa lugha ya ishara. Asiyeona ahitaji maandishi ya nukta, au kompyuta yenye programu ya kumsomea kwa sauti, na ziko programu za namna hiyo zisizolipiwa hata senti. Mwenye ibada ahitaji saa yake bila ya kuiomba kila wiki kama sadaka. Haya si upendeleo. Mwenye macho huwashiwa taa ofisini, na hapana aiitaye taa ile upendeleo.

4. Tumpe kazi yenye uzito, inayoweza kufaulu au kukosewa. Tumpe na haki ya kukosea kama wenziwe, asahihishwe kama wao, wala asipakwe mafuta kwa sifa asizostahiki. Kumsifu mtu kwa jambo dogo mno nako ni kumdharau.

5. Mashauri yakatwe mezani. Mkutano uwe katika saa ambayo wote waweza kufika, na lililosemwa pembeni lirudishwe mbele ya wote kabla ya kuamuliwa.

Katika haya hatukuleta bidaa. Wasomaji wetu wamjua Ibn Ummi Maktum, sahaba asiyeona. Hakupewa kiti cha kupokea wageni. Alikuwa mwadhini, ambaye watu huitazamia sauti yake kwa ajili ya funga na sala zao. Tena Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotoka Madina kwa safari alimwacha zaidi ya mara moja kuwa naibu wake katika mji. Ile ilikuwa kazi, na mji mzima uliitegemea.

NENO KWA ALIYEWEKWA PAMBO

Twajua kwamba miongoni mwa wanaotusoma wako waliomo katika hali hii. Kwao twasema kwa heshima: si lazima mwondoke, wala si lazima mnyamaze. Ulizeni kwa maandishi kazi yenu ni ipi na itapimwa kwa nini. Ombeni kuingia katika mkutano unaokata mashauri ya idara yenu. Na mkipata nafasi ya kupanda, msiivute ngazi nyuma yenu. Kwani tumewaona wengine waliopendezwa na utukufu wa kuwa peke yao, wakawa ndio wa kwanza kuwakataa walio kama wao. Lakini mzigo mkubwa hatuwatwiki ninyi. Mwenye nyumba ndiye apaswaye kuitengeneza.

KUREJEA NYUMBANI

Baada ya ndugu yetu kuondoka, watatu katika sisi tulikwenda kwake kumtaka radhi. Alitupokea vizuri. Tulimwomba arudi, akasema amekwisha pata shule nyingine na ana wanafunzi thelathini, hawezi kuwaacha. Tulipomwuliza tungefanya nini, alitutajia vitu vichache: kompyuta moja, vitabu vya hadithi vya nukta, na darasa. Tulipopiga hesabu tukaona gharama yake haikufika mshahara wa miezi miwili tuliokuwa tukimlipa kwa kukaa.

Ofisi yetu leo ina walimu saba. Watano ni wanaume, na wote watano ni wa mitaa miwili ya mji huu. Walimu wawili ni wanawake, na katika kamati inayopanga mishahara yao hayumo mwanamke hata mmoja. Twaliandika jambo hili hapa ili wasomaji watuulize tena mwaka ujao, nasi tusiwe na pa kujificha.

MASWALI YA DARSA

Kabla ya kikao kijacho, kila mmoja ajibu haya kwa kalamu, juu ya mahali anapofanya kazi au anapoajiri:

(a) Nani wa mwisho kuajiriwa, na alizisikia wapi habari za nafasi ile?

(b) Mtaje mtu mmoja hapo kazini aliye peke yake kwa jinsi, kabila, dini au hali. Ni shauri gani lililobadilika mwaka huu kwa sababu ya neno lake?

(c) Ni kitu gani kimoja, katika saa au vyombo au jengo, kinachomzuia mtu mwema kufanya kazi hapo, na gharama ya kukiondoa ni kiasi gani?

Atakayekosa jibu la swali la pili asione haya kuja. Na aje na ukurasa mtupu, tutaanzia hapo.